Mwaridi Mbele ya Nyumba: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutoa Fedha

Katika mitaa ya Tunduma, Vwawa na Mlowo, nyumba nyingi zimebakiwa na kipande kidogo cha ardhi kati ya mlango na barabara. Upana wake ni mita mbili au tatu tu, nao hauwezi kulishwa mahindi wala migomba. Wenye nyumba wengi hukipamba kwa maua, na miongoni mwa maua yanayotafutwa ni waridi, hasa lile la rangi ambayo kwa Kiswahili imechukua jina la ua lenyewe, yaani rangi ya waridi.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mlaji anayekusudia kununua miche ya aina hiyo. Mwaridi hununuliwa siku moja, lakini hugharimiwa kwa miaka. Mlaji akipata hasara, mara nyingi si kwa sababu mche ulikuwa ghali. Hasara hutokea kwa sababu alilipia kile alichokiona, yaani ua lililochanua, akaacha kukagua mambo matatu yasiyoonekana kwa urahisi: mzizi, jina la aina, na maji ya kuutunza. Tutayaeleza hayo moja baada ya jingine.

Aina inayofaa eneo dogo

Neno "waridi" linakusanya mimea ya maumbile mbalimbali. Ipo miwaridi itambaayo hadi juu ya paa, ipo inayorefuka kwa shina moja lenye ua kubwa moja, na ipo mifupi inayotoa maua mengi kwa vishada. Hii ya mwisho ndiyo ya kupandwa tutani, kwa kuwa hufunika ardhi vizuri, haizibi dirisha, na hurudia kuchanua mara kwa mara.

Miwaridi ya tutani ilienezwa na wakulima wa maua wa Denmark mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1924 Svend Poulsen alitoa aina ya rangi ya waridi iliyoitwa 'Else Poulsen', iliyopatikana kwa kuchanganya miwaridi mifupi ya vishada na ile ya maua makubwa. Kutokana na kazi ya namna hiyo lilizaliwa kundi ambalo leo huitwa floribunda, na ndilo jina ambalo mnunuzi akilisikia kwa muuzaji ajue kwamba anazungumziwa mwaridi wa tutani.

Jina la aina lina uzito kuliko rangi. Chukua mfano wa aina mbili maarufu duniani, zote za rangi ya waridi. 'The Fairy', iliyotolewa Uingereza mwaka 1932, ni mfupi na hutanda chini. 'Queen Elizabeth', iliyotolewa Marekani mwaka 1954, hurefuka kupita kimo cha mtu. Katika kiriba, miche ya aina hizo mbili yaweza kulingana kwa urefu. Baada ya miaka miwili mmoja utakuwa umepamba tuta, na mwingine utakuwa umeziba dirisha la sebule. Kwa hiyo muuzaji asiyejua jina la aina na aulizwe jambo moja: mmea mama uko wapi, na una urefu gani? Akiweza kuuonyesha, mnunuzi atakuwa amepata jibu lililo bora kuliko picha.

Tunakumbusha pia kwamba si kila tofauti ya rangi ni udanganyifu. Waridi hukolea rangi wakati wa baridi na hupauka kwenye jua kali. Ua lililoonekana Juni likiwa limekolea laweza kuwa hafifu Oktoba, ilhali mmea ni uleule.

Kukagua mche

Ua lililochanua kwenye kiriba halithibitishi kwamba mche ni mzima. Kipande cha tawi kilichochomekwa kwenye udongo wiki chache zilizopita chaweza kuchanua kwa akiba iliyomo ndani ya tawi hilo kabla hakijaota mzizi wowote. Mnunuzi hukipeleka nyumbani, nacho hukauka. Ili kuepuka hasara hiyo, tunashauri mambo yafuatayo yafanyike mbele ya muuzaji.

Kwanza, shika shina karibu na udongo ulivute polepole. Mche wenye mizizi husimama imara, lakini kipande kilichochomekwa hucheza au hung'oka. Pili, tazama matundu ya chini ya kiriba. Mizizi myeupe au ya kahawia hafifu inayochungulia ni dalili njema. Mizizi meusi yenye harufu ya kuoza ni dalili mbaya. Tatu, geuza majani na utazame upande wa chini. Utandobuibui mwembamba na vidoa vidogo vya njano ni alama za utitiri. Nne, kagua shina mahali linapokutana na udongo. Uvimbe mgumu wenye mikunjo ni ugonjwa wa vinundu vya shina, unaosababishwa na bakteria. Ugonjwa huo hauna tiba. Mche wenye uvimbe huo usinunuliwe hata kwa bei ya kutupa, kwa kuwa huambukiza udongo na mimea mingine, ikiwemo miti ya matunda.

Jambo la tano ni kuuliza kama mche ni wa kubebeshwa au umetokana na kipande cha tawi. Mche wa kubebeshwa una sehemu mbili: shina la chini la mwaridi wa porini au wenye mizizi mikali, na juu yake kikonyo cha aina iliyochaguliwa. Mahali pa kuungia huonekana kama kifundo. Mche wa namna hii kwa kawaida huwa na nguvu, ila unadai uangalizi ambao tutaueleza mbele. Mche wa kipande cha tawi hukua taratibu zaidi, lakini kila kichipukizi kinachotoka chini ni cha aina ileile. Zote mbili ni halali kuuzwa. Lililo kosa ni kuuza mojawapo kwa jina la nyingine.

Mbegu za rangi za ajabu

Katika mitandao ya kijamii hutangazwa pakiti za mbegu za waridi la buluu, la kijani, au lenye rangi zote za upinde wa mvua katika ua moja. Tunamshauri mlaji asitoe fedha kwa bidhaa hiyo. Mwaridi unaotokana na mbegu haufanani na mama yake, na ndiyo sababu wakulima wa maua huzalisha kwa vikonyo na vipande vya matawi. Isitoshe, picha hizo huwa zimepakwa rangi kwa kompyuta, au ni za maua yaliyokatwa na kutiwa katika maji yenye rangi.

Hatari nyingine ni ya afya ya mimea. Mwaka 2020 wakazi wengi wa Marekani walipokea kwa posta pakiti za mbegu ambazo hawakuziagiza. Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo iliwataka wasizipande, na katika uchunguzi wa mwanzo ilitambua humo mbegu za mimea kadhaa, waridi likiwemo. Hofu haikuwa juu ya ua. Ilikuwa juu ya wadudu, magonjwa na magugu yanayoweza kusafiri pamoja na mbegu.

Miche kutoka ng'ambo ya mpaka

Tunduma na Nakonde ni miji miwili iliyotenganishwa na mpaka tu. Watu huvuka kila siku kwa biashara na kwa kutembeleana, na tangu mwaka 2019 huduma za mpaka za Tanzania na Zambia zimewekwa pamoja katika kituo kimoja. Ni rahisi kwa mtu kudhani kwamba kiriba cha ua hakitofautiani na kanga au ndoo ya plastiki. Sivyo. Mche ni kiumbe hai, na udongo uliomo ndani ya kiriba una viumbe hai wengine.

Kwa mujibu wa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, mimea iingiayo nchini husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Mwenye kutaka kuingiza miche anapaswa kupata kibali kwanza, na miche yenyewe iambatane na cheti cha usafi wa mimea kilichotolewa na nchi inakotoka, kisha ikaguliwe mpakani. Utaratibu huu una sababu yake. Minyoo fundo waliomo katika udongo wa kiriba hushambulia pia nyanya, maharage na mazao mengine mengi. Wilaya za Mbozi, Ileje na Momba zinaishi kwa kahawa, maharage, mahindi na mpunga. Mwaridi mmoja uliopitishwa kwa njia ya panya waweza kumletea jirani hasara kubwa kuliko thamani ya tuta zima la maua.

Mlaji anayeuziwa mche kwa maelezo kwamba "umetoka ng'ambo" na aombe kuonyeshwa hati zake. Kukosekana kwa hati kunatosha kuwa sababu ya kutonunua.

Hesabu ya maji

Hapa ndipo wanunuzi wengi hawafiki kabla ya kutoa fedha. Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, takribani kuanzia Novemba hadi Aprili. Miezi sita inayobaki ni ya kiangazi, na wakazi wa Tunduma wanajua thamani ya ndoo ya maji katika miezi hiyo.

Tuta la mita 2 kwa mita 1 hutosha miche 8, ikiachiwa nafasi ya sentimita 50 kati ya mmoja na mwingine. Mche mchanga katika kiangazi huhitaji takribani lita 5 mara mbili kwa wiki. Kwa miche 8 hizo ni lita 80 kwa wiki, sawa na ndoo 4 za lita 20. Kuanzia Mei hadi Oktoba kuna wiki 26, hivyo jumla ni ndoo 104. Mlaji na azidishe idadi hiyo kwa bei ya ndoo katika mtaa wake. Jibu atakalopata laweza kuzidi bei aliyonunulia miche yote.

Hatusemi hivyo ili kumkatisha mtu tamaa, bali achague idadi anayoimudu. Miche 3 huhitaji ndoo moja na nusu kwa wiki, yaani ndoo 39 kwa kiangazi chote, na miche 3 iliyotunzwa vizuri hupendeza kuliko 8 iliyonyauka. Nyumba yenye watoto wadogo au mgonjwa isiingie katika mashindano ya maji kati ya watu na maua.

Zipo njia za kupunguza gharama. Maji yaliyooshea mchele, mboga na matunda hufaa sana. Maji ya kufulia yenye sabuni nyingi, magadi au dawa ya kung'arisha nguo hayafai. Funika udongo kwa matandazo ya unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha nafasi ndogo kulizunguka shina. Maganda makavu ya kahawa kutoka Mbozi na pumba za mpunga kutoka kwenye mashine za kukoboa ni matandazo mazuri yapatikanayo hapahapa. Mwagilia kwenye shina asubuhi au jioni, wala si juu ya majani. Maji machache ya kila siku hulowesha juu tu, na mizizi hubaki karibu na jua. Mara mbili kwa wiki kwa kina ni bora zaidi.

Kupanda

Wakati mzuri ni mvua zinapokuwa zimekolea, kati ya Desemba na Januari, ili mizizi ijishike kabla ya kiangazi. Pachaguliwe mahali papatapo jua kwa saa 6 au zaidi kwa siku. Hali ya hewa ya Tunduma na Vwawa, miji iliyo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, inaufaa mwaridi. Wasomaji wetu wa Kamsamba na sehemu nyingine za bonde la Ziwa Rukwa, ambako joto ni kali, watarajie maua madogo zaidi na mahitaji makubwa ya maji.

Chimba shimo lenye kina na upana wa sentimita 40. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Penye udongo mzito unaotuamisha maji, inua tuta sentimita 15 hadi 20. Chana kiriba bila kuvunja donge la udongo, panda, shindilia kwa mkono, kisha mwagilia.

Anayehitaji mbolea ya dukani anunue mfuko uliofungwa na kiwanda, wenye jina la mbolea, viwango vya virutubisho na uzito. Biashara ya mbolea husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA). Mbolea ya kupimiwa kwa kopo kutoka mfuko ulio wazi haina uthibitisho wa kilichomo.

Maotea na kupogoa

Wakulima wa kahawa wa Mbozi hawahitaji kufundishwa maana ya maotea. Katika mwaridi wa kubebeshwa, maotea yanayotoka chini ya kifundo ni ya shina la chini. Yakiachwa hunyonya chakula, na baada ya muda ua la rangi ya waridi hutoweka na mahali pake huchukuliwa na ua dogo la porini. Wengi hudhani waliuziwa aina isiyo sahihi, kumbe aina waliyonunua imezidiwa nguvu. Fukua udongo kidogo, ufuate chipukizi hadi linapoanzia, kisha uling'oe hapo. Kulikata juu ya udongo hulizidishia nguvu.

Ua likinyauka, likate juu ya jani la kwanza lenye vijani vitano. Maua mapya hufuata baada ya wiki 6 au 7. Kupogoa kukubwa hufanywa mara moja kwa mwaka, baridi inapokwisha, Julai au Agosti. Ondoa matawi makavu na yanayosuguana, na ufupishe yaliyobaki kwa theluthi moja au nusu. Asiye na maji ya kutosha asubiri hadi mvua zikaribie, kwa sababu machipukizi mapya hayavumilii kiu.

Wadudu, magonjwa na dawa

Vumbi la barabarani likifunika majani, utitiri huongezeka. Nyumba zilizo kando ya barabara kuu yenye msururu wa malori zisafishe majani kwa maji kidogo asubuhi, mara moja kwa wiki. Vidukari huondolewa kwa vidole, au kwa maji ya sabuni: kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, kwa kujaribu kwanza majani machache, jioni. Wakati wa mvua huja ugonjwa wa madoa meusi. Okota majani yaliyoanguka na uyachome. Ubwiriunga, ambao huonekana kama unga mweupe juu ya majani, hupungua matawi yakipunguzwa ili hewa ipite.

Kwa tuta dogo la nyumbani, hatua hizo hutosha mara nyingi. Ikibidi kutumia kiuatilifu, kinunuliwe kwa muuzaji aliyesajiliwa. Chombo kiwe na kizibo kisichofunguliwa, namba ya usajili ya TPHPA, tarehe ya mwisho wa matumizi na maelekezo yanayosomeka. Tazama ukanda wa rangi chini ya lebo: nyekundu ni sumu kali kabisa, ikifuatiwa na njano, kisha buluu, na kijani ndiyo yenye sumu kidogo kuliko zote. Dawa yenye ukanda mwekundu haina nafasi mbele ya nyumba ya kuishi.

Usinunue kamwe dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Hujui ni dawa gani wala ya mwaka gani, na mtoto akiiona hataiita sumu; ataiita soda. Vilevile usinyunyizie miwaridi dawa ikiwa kando yake kuna mchicha au majani ya maboga ya kula.

Haki ya mlaji

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayouza, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Haki hizo zinamhusu mnunuzi wa mche kama zinavyomhusu mnunuzi wa friji. Hata hivyo haki bila ushahidi ni vigumu kuidai. Dai risiti. Kama muuzaji ni mdogo na hana mashine, akuandikie kwa mkono jina la aina, rangi, namna mche ulivyozalishwa, idadi, bei na tarehe. Piga picha ya miche siku ya kununua.

Tatizo likitokea, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na hati hiyo. Asiposikiliza, malalamiko ya kupotoshwa hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC), na yale ya viuatilifu bandia au miche yenye magonjwa hupelekwa TPHPA. Ofisa ugani wa kata ataweza kutambua ugonjwa wa mche, na maelezo yake yatasaidia shauri lako.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

1. Aina hii inaitwaje, na hufikia urefu gani?
2. Naweza kuuona mmea mama, au mwingine uliokomaa?
3. Mche umebebeshwa au ni kipande cha tawi, na una umri gani kwenye kiriba?
4. Umezalishwa wapi? Kama ni nje ya nchi, hati zake ziko wapi?
5. Umenyunyiziwa dawa gani, na lini?
6. Utaniandikia hayo kwenye risiti?

Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na maswali haya, kwa kuwa yanamtofautisha na asiye mwaminifu. Swali la saba mlaji ajiulize mwenyewe kabla ya kutoa fedha: ndoo ngapi za maji naweza kuzitenga kila wiki kuanzia Mei hadi Oktoba? Idadi ya miche na itokane na jibu hilo.